Mwanamke wa Kihindi kwenye riwaya: achana na sari, tazama funguo anazo nani

Bi Daftari (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Huu uzi niliuahidi tangu ule wa tamthilia, nikawa naukwepa kwa sababu ya kufunga hesabu za mwaka. Leo nimepata nafasi.

Wengi wetu mwanamke wa Kihindi tumemjua kwenye runinga. Mama mkwe kasimama juu ya ngazi, mkaza mwana yuko chini na sinia la chai, kamera inawarudia usoni mara tatu tatu, ngoma inapigwa, tangazo. Kesho yake tunasimuliana saluni. Sina ugomvi na hilo, mimi mwenyewe nimelia sana na hizo tamthilia. Ila ukifungua riwaya za kwao unakutana na watu wengine kabisa.

Mimi ni mhasibu wa maduka madogo. Miaka yote kazi yangu ni kufungua daftari la mtu na kutafuta kitu kimoja: hii mali ni ya nani. Ugonjwa huo nimeingia nao hata kwenye vitabu. Watu wakijadili "mabadiliko ya mwanamke" wanaangalia msichana kavaa jinzi, kasoma chuo, kajitafutia mchumba. Mimi naangalia funguo. Kwenye nyumba za kizamani za Bengal, mama mwenye nyumba alifunga shada la funguo kwenye ncha ya sari yake, akalitupia begani, likawa linalia kila anapopita. Ukimwona unasema huyu ndiye mwenye mji. Haya, fungua kabati sasa uone vilivyomo ni vya nani.

Naandika kwa vipande. Mnaruhusiwa kunikatisha.

Kisiki cha Mpingo

Nimekaa mkao wa kula.

Mwana wa Kibokoni

Shusha vitu dada, huku Mombasa mvua inanyesha hatuna pa kwenda.

Bi Daftari

Nianzie 1905, ili asije mtu akasema wanawake wa India wameamka juzi baada ya kupata simu janja.

Mwaka huo Rokeya Sakhawat Hossain, mwanamke Mwislamu wa Bengal, alichapisha kwenye gazeti moja la wanawake la Madras hadithi fupi iitwayo Ndoto ya Sultana. Mwanamke anasinzia kitini, anajikuta kwenye nchi ambayo wanaume ndio wanakaa ndani, wanapika na kulea, na wanawake wanaendesha dola. Wanavuna maji kutoka mawinguni, wanapikia joto la jua. Vita vilipokuja, wanaume walikwenda wakapigwa. Wanawake wakawaambia ingieni ndani mpumzike, kisha wakawamulika maadui kwa joto la jua hadi wakakimbia. Wanaume ndio wakabaki humo humo ndani mpaka leo! Nilicheka peke yangu kwenye daladala. Na aliyeandika hakuishia kwenye ndoto, mwaka 1911 alifungua shule ya wasichana Waislamu mjini Calcutta.

Halafu 1942, Ismat Chughtai anaandika kwa Kiurdu hadithi ya shuka zito la baridi. Begamu, yaani bibi wa nyumba kubwa, kaolewa na tajiri mwenye heshima zake, tajiri hana habari naye, yeye anapata faraja kwa mtumishi wake wa kike. Anayesimulia ni mtoto, kwa hiyo kila kitu kinaonekana kupitia kivuli cha shuka kinachocheza ukutani kama tembo. Wakampeleka mahakamani Lahore kwa matusi. Aligoma kuomba radhi, na kesi ikafa kwa sababu mashahidi hawakuweza kuonyesha neno moja la tusi lilipo. Tazama huyu begamu kwa jicho la daftari: nyumba kubwa, vyakula, watumishi, na hakuna kilicho chake. Ni sehemu ya samani.

Sasa twende shambani. Kamala Markandaya, 1954, riwaya ya Nectar in a Sieve. Rukmani kaolewa akiwa na miaka 12 na mkulima asiye na ardhi yake, analima kwa kukodi. Rukmani anajua kusoma na kuandika, baba yake alimfundisha, na mumewe hajui. Mume haoni wivu, jambo ambalo lilinigusa. Bustani ya maboga ni ya mikono yake Rukmani, yeye ndiye anayeuza, yeye ndiye anayejua Biswas mkopeshaji analipa zaidi ya yule bibi anayemwonea huruma. Kwa lugha yetu, biashara ndogo ni yake. Lakini kiwanda cha ngozi kinakuja, mwenye ardhi anauza, na miaka thelathini ya jasho inatoka kwenye daftari kwa mstari mmoja. Binti yao Ira alirudishwa nyumbani kwa kukosa mtoto, na njaa ilipobana akaanza kutoka usiku ili mdogo wake mnyonge apate maziwa. Markandaya hamhukumu. Hapo tulikuwa 1954, tuheshimiane.

Shemeji wa Wote

Swali dogo. Huyo Ira si alilipiwa mahari? Wazazi si wangerudisha tu ng'ombe yaishe?

Bi Daftari

Hapa ndipo Waswahili wengi tunapotea, mkuu, na bila kulielewa hili huwezi kusoma hata riwaya moja ya India ukaipata. Sisi anayetoa ni mwanamume. Kule upande wa bi harusi ndio unaotoa: fedha, dhahabu, friji, pikipiki, mpaka nyumba. Wanaita dahej. Sheria imeikataza tangu 1961 na bado inatembea kwa jina la zawadi. Ndiyo maana kwenye vitabu vyao kuzaliwa kwa binti kunaandikwa kama deni. Kwetu baba wa mabinti watano hutaniwa kuwa tajiri mtarajiwa, kule anatafuta dawa ya presha.

Kama unataka kuiona dahej kwa karibu, soma Fasting, Feasting ya Anita Desai, ya 1999. Uma ni binti mkubwa, hana sura, shuleni anafeli, amepewa wazazi walioshikamana mpaka mwandishi anawaita kwa neno moja, MamaPapa. Wachumba fulani wanapokea dahej, wanajengea nyumba, wanavunja uchumba. Mwingine anamuoa kabisa, kumbe ana mke na watoto wanne Meerut na kiwanda cha dawa kinachokufa, alichokuwa anatafuta ni mtaji. Baba anakwenda kumchukua, wanarudi kwa treni.

Binamu yake Anamika ndiye mzuri na mwenye akili, akapata nafasi ya kusoma Oxford. Wazazi wakaifungia ile barua kwenye kabati la chuma na kuitoa kuwaonyesha wachumba, kama sisi tunavyotoa vyombo vya kabatini mgeni akija. Iliongeza thamani ya bidhaa. Akaolewa, akapigwa, mwisho akafa kwa moto. Sitasema zaidi.

Lakini kilichonikaa mimi ni simu. Daktari mmoja wa kike anamtafutia Uma kazi kwenye hosteli ya wauguzi. Wazazi wanakataa. Simu ya nyumbani Baba anaifungia kwa kufuli. Siku moja Uma anapata upenyo, anampigia daktari, halafu anasahau kuirudishia kufuli. Baba anarudi, anapiga kelele kwamba simu ni gharama, kwamba huyu mtoto hajawahi kuingiza hata senti, amemtia hasara tu. Mwanamke mzima wa makamo anagombezwa kwa simu moja. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa mzee.

Mwana wa Kibokoni

Wallahi hiyo kufuli naikumbuka! Simu zile za kuzungusha, kikufuli kidogo kwenye tundu la namba. Babu yangu alikuwa nayo. Tulijifunza kupiga kwa kugonga gonga kile kitufe cha juu, ukikosea hesabu unaipata nyumba ya mtu Malindi.

Kisiki cha Mpingo

Mnaharibu uzi na mambo ya kikoloni. Endelea mhasibu.

Bi Daftari

Acha nicheke kwanza.

Sasa kipande ambacho mimi nakipenda kuliko vyote, na nitakaa hapo. Arundhati Roy, The God of Small Things, 1997, ile iliyochukua tuzo ya Booker. Watu wakiizungumzia wanazungumzia mapenzi ya Ammu, mwanamke wa ukoo wa wale Wakristo wa Kerala wanaoitwa Wakristo wa Syria, na Velutha, fundi wa tabaka la wasioguswa. Sawa. Mimi niliisoma kama kesi ya kiwanda cha achari.

Kijiji cha Ayemenem, Kerala, 1969. Bibi wa nyumba, Mammachi, alianza kutengeneza achari na jamu jikoni kwake. Mumewe, ofisa mstaafu, aliona wivu mkewe kupata wateja, akawa anampiga kila usiku kwa chombo cha shaba. Siku mtoto wao wa kiume Chacko alipokuwa mkubwa, alimshika baba mkono, akamkomesha. Vizuri. Baba alipokufa Chacko akaacha kazi ya ualimu Madras, akarudi, akasajili kiwanda kama ubia, mama akawa mbia asiye na sauti. Akanunua mashine, akakopa, na hasara ikaanza. Ammu, dada yake, anafanya kazi humo sawa na yeye, lakini Chacko akizungumza na wakaguzi wa chakula husema kiwanda changu, mananasi yangu, achari zangu. Kisheria alikuwa sahihi, binti hakuwa na chake.

Wakuu, hilo si la kutunga. Kwenye eneo lile sheria ya mirathi ya Wakristo ya Travancore ya 1916 ilimpa binti robo ya fungu la kaka yake au rupia 5,000, kile kilicho kidogo. Mama mzazi wa mwandishi, Mary Roy, aliifikisha Mahakama ya Juu kabisa ya nchi, na mwaka 1986 akashinda. Ammu kwenye kitabu anaishi miaka 17 kabla ya hukumu hiyo. Ameachana na mume mlevi, amerudi kwao na mapacha wawili, kila kiti anachokalia ni cha mtu mwingine. Kwa hiyo linapotokea lile la Velutha, kumfukuza ni rahisi, maana hana hata chumba cha kusema hiki changu. Wapenzi wa fasihi wanalia kwa ajili ya mapenzi. Mimi nililia kwa ajili ya ule usajili wa ubia.

Nimekaa upande wa pili wa meza ya namna hiyo. Duka moja la vitambaa nililowahi kulifanyia hesabu hapa Dar, katikati ya mji, mama wa makamo, mzaliwa wa hapa hapa, ndiye aliyejua kila kitu: kanga doti ngapi zimebaki, nani anadaiwa, nani wa kutokopeshwa. Funguo zilikaa kiunoni. Jioni saa kumi na moja na nusu mwanawe anafika na gari, mama anazifungua, anampa. Leseni, akaunti, pango, vyote jina la kijana. Nilimuuliza siku moja kwa nini, akanijibu kwa Kiswahili safi kuliko changu: "Mwanangu, mimi nafanya kazi, yeye ana duka."

Mchambuzi Huru

Mtoa mada, nakuheshimu ila naona tatizo. Unatuletea waliosoma, wanaandika kwa Kiingereza, wanashindania tuzo za London. Mwanamke wa kijijini wa tabaka la chini yuko wapi? Na mbona kila mwanamke hapo ni mwathirika? Kwenye hizo familia wapo wanawake wanaotafuna wenzao.

Bi Daftari

Umenibana pazuri, ndugu. Na hoja zote mbili zina wenyewe huko huko India.

La kwanza: tafuta Mahasweta Devi, aliandika Kibengali. Hadithi yake Draupadi, ya miaka ya sabini, ina mwanamke wa kabila la Wasantali, Dopdi Mejhen, anayesakwa na jeshi porini. Wanamkamata, wanamfanyia unyama usiku kucha. Asubuhi wanampa nguo ajistiri aende mbele ya kamanda. Anakataa nguo. Anakwenda hivyo hivyo, damu zote, na kamanda anamwogopa mwanamke asiye na silaha. Jina limetoka kwenye Mahabharata, utenzi wa kale wa Wahindu, ambako Draupadi anavuliwa sari na miungu inairefusha isiishe. Huku hakuna mungu aliyekuja. Niliposoma nilifunga kitabu nikakaa bila kuwasha taa. Mwingine ni Bama, Mtamil wa Kidalit, yaani wale wale wasioguswa: Sangati ya 1994 ni sauti tupu za wanawake wa kitongojini, wanatukanana, wanaimba, wanagombana na waume hadharani kwa sababu hawana ukuta wa kujificha.

La pili: Ghachar Ghochar ya Vivek Shanbhag, kwa Kikannada. Kitabu chembamba, unakimaliza kwa safari ya Dar hadi Morogoro. Familia ilikuwa maskini, wanapigana na chungu sakafuni, mjomba akaanzisha biashara ya viungo, fedha zikaja. Mama na dada wakawa walinzi wa ile fedha. Anakuja mwanamke mlangoni kumtafuta mjomba, kamletea dengu alizopika, na wanaomfukuza kwa matusi ni wanawake wa nyumba. Msimuliaji, mwanamume, kakaa ndani anakula mali. Hakuna mwathirika hapo, kuna wanahisa.

Bint Ruwi

Assalamu alaykum wapendwa. Niko Muscat, jirani zangu ngazi nzima ni Wahindi wa Kerala. Mbona hujasema waliotoka nje? Sisi wa ughaibuni tunajiona humo.

Bi Daftari

Wa alaykum salaam bibie. Nilikuwa nakuja.

Jhumpa Lahiri, The Namesake, 2003. Inafunguka jikoni Cambridge, Massachusetts, 1968. Ashima ana mimba kubwa, anachanganya kwenye bakuli Rice Krispies (zile punje za mchele za pakiti), karanga na kitunguu chekundu, anatafuta ladha ya kitafunwa cha barabarani cha Calcutta. Kila mara kuna kitu kimepungua. Mumewe hamwiti kwa jina, si adabu. Kabla ya posa kukubaliwa, alikuta viatu vya yule mchumba mlangoni, vimeandikwa vimetengenezwa Marekani, akaingiza miguu yake ndani. Ndiyo mahaba yote ya ujana wake, na nakuambia yanatosha.

Miaka inapita, anapata kazi ya maktaba, mume anafariki. Mwisho anaiuza nyumba. Miezi sita atakaa India, sita Marekani. Jina Ashima lina maana ya asiye na mipaka, ila kilichonifurahisha mimi ni kwamba mwanamke aliyeanza na viatu vya mtu mwingine anamaliza kwa kuamua mwenyewe nyumba iuzwe.

Bint Ruwi

Hiyo ya bakuli imenimaliza. Mimi mwaka wa kwanza hapa nilitengeneza urojo wa unga wa pakiti. Mume wangu alikula kimya kwa heshima.

Shemeji wa Wote

Sasa za karibuni? Maana mpaka hapa naona kilio na kuzika tu.

Bi Daftari

Za karibuni ndiko kwenye mchanganyiko, na nitapita haraka kwa sababu nyingine sijazitafuna vizuri.

Meena Kandasamy, 2017, kaandika mke msomi, mwandishi, aliyeolewa na mhadhiri anayehubiri ukombozi wa wanyonge. Mume anaanza kwa kumtaka afunge Facebook, kisha anataka nywila, kisha anafuta barua pepe zake zote. Kufuli ya simu ya Baba Uma imehamia kwenye nywila. Msomi, tena wa kizazi kipya, na yumo kwenye kabati lile lile. Tofauti ni kwamba huyu anatoka, na anaandika.

Banu Mushtaq, mwanasheria wa Karnataka, alichukua International Booker ya 2025 kwa hadithi fupi 12 za Kikannada kuhusu wanawake Waislamu. Kwenye ile iliyobeba jina la kitabu, Mehrun anakwenda kwao na kichanga mkononi kusema mume kapata mwingine, na kaka zake wanamrudisha kwa gari siku ile ile ili ukoo usiaibike. Bint Ruwi na Mwana wa Kibokoni, mtayatambua mazungumzo ya sebuleni pale, neno kwa neno.

Na ukitaka kucheka, The Bandit Queens ya Parini Shroff, 2023. Kijiji cha Gujarat, Geeta mume wake alitoroka, kijiji kizima kinaamini alimuua. Yumo kwenye kikundi cha mikopo cha wanawake, kama vikoba vyetu kabisa: mmoja akikosa rejesho wote mnabanwa. Wenzake wanaanza kumjia kwa siri, dada tufundishe na sisi ulivyomfanya wako. Na mmoja anataka mume atolewe kwa sababu anamwibia fedha ya rejesho! Wanaojua kausha damu watamwelewa. Hii ndiyo riwaya ya kwanza niliyoona mwanamke wa kijijini ana daftari lake mwenyewe, na njama yote inazunguka hapo.

Halafu kuna bibi. Geetanjali Shree, riwaya ya Kihindi iitwayo Ret Samadhi ya 2018, tafsiri yake ikashinda International Booker ya 2022. Bibi wa miaka 80 kafiwa na mume, analala anaipa familia mgongo, uso ukutani, haamki. Wote wanambembeleza. Siku anayoamka, anatoka kwa mwanawe wa kiume anahamia kwa binti asiyeolewa, anashona nguo anazotaka, anafanya urafiki na Rosie ambaye ni hijra, yaani wale wanaohesabiwa jinsia ya tatu kule, na mwishowe anavuka kwenda Pakistan bila viza kutafuta aliyoyaacha kule kabla nchi haijagawanywa India na Pakistan mwaka 1947. Kitabu kizito, sentensi zinazunguka kama mtu anayetafuta miwani iliyo kichwani kwake. Nilikiacha mara mbili. Sijutii kukirudia.

Mchambuzi Huru

Kwa hiyo jibu lako: wamebadilika au hawajabadilika?

Bi Daftari

Sheria imebadilika. Mwaka 2005 binti wa Kihindu alipewa haki ya kuzaliwa nayo kwenye mali ya ukoo sawa na kaka yake. Wanaojua kusoma walikuwa chini ya 9 kwa kila wanawake 100 mwaka 1951, sensa ya 2011 wakafika 65. Kwenye riwaya kilichobadilika zaidi, kwa macho yangu, ni kwamba zamani mwandishi alituonyesha mwanamke asiye na kitu tukamhurumia. Siku hizi wanawaandika wanaouliza kwa sauti kiko wapi changu, na wengine wanaiba, wanaua, wanadanganya ili wakipate. Wengine wanakikosa vilevile.

Kisiki cha Mpingo

Yule mama wa duka la vitambaa. Uliwahi kumpa hivi vitabu?

Bi Daftari

Hasomi Kiingereza, anasoma Kigujarati na Kiswahili. Ila siku moja ya kuhesabu stoo, umeme umekatika, tulikaa na chai nikamsimulia ile ya Mammachi yote. Jikoni, wateja, kile chombo cha shaba, mtoto kurudi, usajili. Nikamwambia na ile jamu ya ndizi waliyokatazwa na serikali kuuza, kwa sababu wapimaji walisema ni laini mno kuwa jeli na ni nzito mno kuwa jamu.

Alikuwa anakunja vitenge muda wote, hakusema kitu. Akamaliza robota, akalipigapiga likae sawa. Halafu akaniuliza: "Hiyo ya ndizi, ndimu walitia?"

Nikasema sijui, kitabu hakisemi.

"Hawakutia. Kijana alikuwa hamuulizi mama yake."